BARIDI NA MOYO WA MZEE

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa Chama mwanzoni mwa kipupwe. Inapigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)



Bwana Katibu aliponiandikia barua akinitaka nizungumze juu ya jambo lo lote lenye manufaa kwa wanachama, nilifikiri kwanza nizungumze juu ya kuweka akiba, maana ndilo jambo ambalo makarani hupenda sana kulisikia, na hawapendi kulitenda. Lakini niliona kwamba wengine wamekwisha kulisema vizuri kuliko mimi. Basi nimechagua jambo ambalo sikulijua mpaka liliponigusa ndani ya nyumba yangu, nalo ni hili: baridi hufanya nini katika moyo wa mtu aliyeanza kuzeeka.

Mimi si daktari. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kusoma, na kunakili sawasawa, na kuweka kila karatasi mahali pake. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimesoma yaliyoandikwa na mabingwa, na pale nisipofahamu nimemwuliza daktari. Nitakayosema ni yao. Makosa ya kunakili, kama yapo, ni yangu.

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mtu wa pwani. Nilizaliwa Tanga, ambako mtu akisema kuna baridi, maana yake ni kwamba usiku alitafuta shuka. Nilipohamishiwa hapa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, niliona maajabu. Usiku wa Juni na Julai hali ya hewa hushuka mara nyingi chini ya digrii 10, na asubuhi nyingine majani ya mabondeni huwa meupe kwa sakitu. Mwezi wa kwanza nilitetemeka. Mwezi wa pili nilinunua sweta. Mwaka wa pili nilikuwa nikiwacheka wageni.

Mama yetu alipofariki, nilimleta baba yangu akae nami. Alikuwa na umri wa miaka 71, naye alikuwa karani wa bohari kabla ya kustaafu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea tangu ujana wake, akaoga maji ya baridi, kisha akatoka uani na kanzu yake na kandambili kupasua kuni, kwa kuwa hakupenda kula bure katika nyumba ya mwanawe. Mara mbili aliniambia kwamba akipanda kilima asubuhi kifua humbana, na akipumzika humwachia. Mimi nilimjibu, "Baba, ni baridi tu, utazoea."

Asubuhi moja ya Julai mke wangu alimkuta ameketi juu ya gogo, shoka liko chini, na jasho linamtoka katika baridi ile. Tulimfikisha hospitali. Aliishi siku nne, kisha akafariki.

Sisemi kwamba baridi peke yake ndiyo iliyomwua. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mishipa ya moyo wake ilikuwa imeanza kuziba zamani, hata alipokuwa angali Tanga. Lakini aliongeza kusema kwamba baridi ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili kichwani: lake la mzigo, na langu la "utazoea". Hilo la pili ndilo lililonifanya nisome.

Kwanza niliona kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1796 tabibu mmoja Mwingereza, William Heberden aliyekuwa mwana wa tabibu mwenye jina hilo hilo, aliandika juu ya vifo vya mji wa London. Alichukua hesabu ya Januari 1795, mwezi uliokuwa na baridi kali sana, akailinganisha na ile ya Januari 1796, mwezi uliokuwa na joto kuliko desturi. Aliona kwamba katika mwezi wa baridi walikufa watu 1,352 zaidi. Tena aliona kwamba waliopigwa sana ni wazee. Watu wa siku zile walisifu baridi kali wakisema kwamba husafisha hewa na kuutia mwili nguvu. Naye akawaonyesha daftari. Angalieni, ndugu zangu: ilikuwa kazi ya ukarani. Alihesabu majina ya waliokufa na kuweka safu mbili kandokando.

Tangu siku hizo hesabu zimekuwa kubwa. Mwaka 2015 mabingwa walitoa hesabu ya vifo zaidi ya milioni 74 vilivyotokea katika nchi 13 kati ya mwaka 1985 na 2012. Waliona kwamba katika kila vifo 100, karibu 7 vilihusika na baridi, na vilivyohusika na joto havikufika hata kimoja. Tena, na hili ndilo lililonishangaza, vingi katika vifo hivyo havikuletwa na baridi kali ya barafu, bali na baridi ya kiasi, ile ambayo mtu huivumilia bila kuitaja. Katika nchi 13 zile hakuna hata moja ya Afrika, kwa hiyo hatuwezi kuzichukua hesabu zao na kuzibandika juu yetu. Lakini mwili wa mwanadamu ni mmoja, na namna baridi inavyoufanya hapa ndivyo inavyoufanya kule.

Basi huufanyaje? Nitaeleza kwa hatua.

Baridi inapoigusa ngozi, mwili hutaka kulilinda joto lake. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujikaza na kuwa myembamba, ndiyo sababu vidole hupauka. Damu iliyokuwa ikizunguka nje husukumwa ndani. Sasa fikirini mpira wa kumwagilia bustani: ukiubana mdomo, nguvu ya maji ndani huzidi. Hali kadhalika msukumo wa damu, ambao wengi huuita presha, hupanda. Na moyo, ambao ndio pampu, sharti usukume kwa nguvu zaidi kuliko ulivyosukuma kitandani dakika chache kabla.

Hatua ya pili ni hii. Damu ikijaa ndani, mafigo hudhani kwamba maji yamezidi mwilini, nayo huyatoa. Ndiyo maana siku za baridi mtu huenda haja ndogo mara nyingi. Maji yakitoka, damu hubaki nzito, na chembe zile zinazogandisha damu huwa nyingi katika kila tone. Damu nzito yenye chembe nyingi hupita kwa shida, na huganda upesi mahali palipo na ufa au uchafu ndani ya mshipa.

Mtaniuliza ni baridi gani iwezayo kufanya hayo. Mwaka 1984 bingwa mmoja wa London, W. R. Keatinge, pamoja na wenzake, waliandika juu ya watu waliokaa saa 6 katika upepo wa digrii 24 tu. Digrii 24, Mabwana! Hapa kwetu hilo ni joto la adhuhuri. Lakini kwa kuwa upepo ulipita juu ya ngozi zao kwa saa nyingi, ngozi zilipoa, ingawa joto la ndani ya mwili halikushuka hata nusu digrii. Msukumo wao wa damu ulipanda kutoka 126 juu ya 69 hata 138 juu ya 87, na uzito wa damu yao ulizidi kwa sehemu 21 katika 100. Basi baridi si lazima itetemeshe meno ndipo ifanye kazi ndani.

Sasa nafika penye shina la hotuba yangu. Yote niliyoyataja humpata kijana na mzee vile vile. Mbona kijana hucheka na mzee huanguka?

Sababu ya kwanza ni mishipa. Mishipa ya kijana ni kama mpira mpya. Damu ikija kwa nguvu hutanuka na kuipokea. Kadiri miaka inavyopita mishipa hukakamaa, hasa ule mkubwa utokao moyoni, kama mpira uliokaa juani miaka mingi. Hautanuki. Basi baridi ile ile moja humpandishia mzee msukumo wa damu kuliko inavyompandishia kijana.

Sababu ya pili ni chakula cha moyo. Moyo nao ni nyama, huhitaji damu yake wenyewe, ambayo huletwa na mishipa yake maalumu. Ukifanya kazi zaidi, huhitaji zaidi. Kwa kijana mishipa hiyo hufunguka na kuleta. Kwa mtu ambaye mishipa yake imeingia mafuta na kuwa myembamba, haifunguki ipasavyo, na pengine kwa sababu ya baridi hujikaza pale pale inapotakiwa ifunguke. Moyo hudai, na bohari haina kitu. Kule kubanwa kifua, mzee anakokuita "pumzi" au "gesi", ndiko kudai kwenyewe. Baba yangu alinieleza dalili hiyo mara mbili, kwa maneno ambayo daktari angeyafahamu mara moja, nami nikamwambia atazoea.

Sababu ya tatu hujificha zaidi. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyopungukiwa na nyama ya mwili inayozalisha joto, hutetemeka kwa udhaifu, na mara nyingi hisia ya ngozi yake hufifia. Yamkini mzee akaketi katika chumba kinachozidi kupoa bila kulijua hilo, nawe ukimwuliza akajibu kwamba hajambo. Kwa hiyo haitoshi kumwuliza mzee kama anasikia baridi. Mguse mikono.

Tena madhara haya hayaji yote siku ile ile ya baridi. Katika Uingereza na Wales mabingwa walichungua habari za wagonjwa 84,010 wa mshtuko wa moyo waliopelekwa hospitali kati ya mwaka 2003 na 2006. Waliona kwamba kila hali ya hewa iliposhuka kwa digrii 1, hatari ya mshtuko iliongezeka kwa sehemu 2 katika 100, ikienea katika siku 28 zilizofuata, na zaidi katika majuma mawili ya kwanza. Wazee na wale waliokwisha ugua moyo ndio waliokuwa dhaifu zaidi. Pamoja na hayo, msimu wa baridi huleta homa ya mafua. Na uchunguzi wa Canada uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku 7 baada ya mtu kuthibitika ana homa hiyo, hatari ya mshtuko wa moyo huwa kama mara 6. Mzee akipona mafua, tusiache kumwangalia.

Labda mwenzangu mmoja anasema moyoni mwake: "Hayo ni ya Ulaya, kwenye theluji. Sisi ni watu wa nchi ya joto." Nami nilidhani hivyo. Lakini sikilizeni. Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa sehemu kadhaa za Ulaya, tangu Finland kaskazini mpaka Athens, mji wa Ugiriki wenye jua. Kwa kila digrii 1 iliyopungua chini ya 18, vifo viliongezeka kwa sehemu 2.15 katika 100 huko Athens, na kwa sehemu 0.27 tu katika Finland ya kusini. Nchi ya joto ndiyo iliyoumia zaidi! Kwa nini? Hali ya hewa nje ilipokuwa digrii 7, watu 72 katika 100 wa Finland ya kusini walivaa kofia. Katika Athens walikuwa 13. Na nyumba za Finland zilikuwa na joto zaidi. Mtu wa Finland humjua adui yake, hujenga na kuvaa kwa ajili yake. Mtu wa nchi ya joto husema kwamba baridi ni ya siku chache, itapita. Je, sisi wa nyanda hizi tunafanana na nani? Nyumba zetu zina nafasi kati ya ukuta na bati, sakafu ni saruji, milango haifiki chini, na mgeni kutoka pwani hufika na shati la mikono mifupi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ndani ya nyumba, katika nchi zenye majira ya baridi, joto lisipungue digrii 18. Ni nyumba ngapi za wanachama zinazofikia hapo alfajiri ya Julai?

Sasa nitasema yatupasayo kutenda, kwanza nyumbani.

Mzee asitoke kitandani na kuingia katika baridi mara moja. Akae kwanza, avae, anywe kitu cha moto, jua lichomoze. Nguo nyepesi mbili au tatu moja juu ya nyingine hulinda joto kuliko koti zito moja. Avae kofia, soksi na viatu vya kufunika. Maji ya kuoga yapashwe moto. Kuni, ndoo na jembe vingoje mchana, au vichukuliwe na kijana. Maana kazi nzito pamoja na baridi ni mizigo miwili kwa wakati mmoja. Anywe maji ya kutosha hata kama hasikii kiu.

Pombe isidhaniwe kuwa ni moto. Hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajiona amepata joto, kumbe joto lake linatoka nje.

Tena nawasihi sana juu ya jiko la makaa. Usiliweke katika chumba kilichofungwa na kulala nalo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo huua watu usingizini. Tusimkimbize mzee kutoka baridi tukampeleka kaburini kwa mlango mwingine. Pasha chumba joto kabla ya kulala, dirisha likiwa wazi kidogo, kisha toa jiko nje. Na utie fedha yako katika blanketi la pili.

Aliye na dawa za presha asiziache kwa sababu anajiona hajambo. Na ye yote ajuaye umri wake umepita miaka 40 apimwe. Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Akibanwa kifua, maumivu yakienda begani, mkononi au tayani, akitokwa na jasho la baridi au kukosa pumzi, asipewe chai na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mwisho nasema juu ya ofisi zetu, na hapa naomba radhi kama nitamwumiza mtu, maana nami ni mmoja wa wenye kosa. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja, wazee walikuja kushughulikia malipo yao ya uzeeni. Walianza kufika saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa aliyetangulia ndiye aliyehudumiwa kwanza. Mlango ulifunguliwa saa moja na nusu. Saa nzima na nusu walisimama katika baraza, upepo ukipita, wameshika karatasi zao mkononi. Sisi tulikuwa ndani, tumefunga madirisha, tunakunywa chai. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilikuwa ndiyo desturi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye ndani ya sweta hamjui aliye nje na kanzu. Kila ninapokumbuka mstari ule, namwona baba yangu ndani yake, maana naye alisimama katika mistari kama ile.

Kwa hiyo, Bwana Rais, sitaki tupige makofi na kwenda nyumbani. Naomba kuleta mbele ya mkutano mambo matatu. La kwanza, kwamba fedha ya Chama inunue chombo kimoja cha kupimia msukumo wa damu, kikae hapa ukumbini, na kila siku ya mkutano mwanachama na wazazi wake wapimwe na mtu aliyefundishwa. La pili, kwamba Halmashauri ichague watu wanne ambao, tangu Juni mpaka Agosti, watawazuru wazee wetu waliostaafu, hasa wakaao peke yao, na kuangalia kama wana blanketi na kama mikono yao ina joto. La tatu, na hili halihitaji fedha wala kibali kikubwa, kwamba kila mmoja wetu aliye na mlango wa ofisi amwombe mkuu wake mlango wa nje ufunguliwe mapema wakati wa kipupwe, wazee waketi ndani kwenye mabenchi na wapewe namba, hata kama kazi yenyewe itaanza saa ile ile ya siku zote.

Sisi vijana tutazoea, ndugu zangu. Miili yetu ina nafasi ya kuzoea. Lakini neno hilo tusiwape wazee wetu kama dawa. Nami nalirudisha mbele yenu jioni hii, nikiomba asiwepo mwanachama mwingine atakayelitumia kama nilivyolitumia mimi.



(Mkutano uliyakubali mambo yote matatu. Wanachama wanaotaka kuwa miongoni mwa wale wanne wa kuwazuru wazee wampe Katibu majina yao kabla ya mwisho wa mwezi. – Mhariri)